Somo: Rangi ya gari uliyoiharibu mwenyewe, na namna ya kuirekebisha



Somo letu safari hii linahusu rangi ya gari. Najua wengine mtauliza: Chama na rangi ya gari, wapi na wapi? Subirini kidogo. Katika matawi ninayotembelea nimekutana na madereva, utingo, mafundi wa karakana na hata walinzi ambao waliwahi kugusa rangi ya gari la mwajiri wakidhani wanatengeneza, kumbe wanaharibu. Mchubuko mdogo ukawa doa kubwa. Doa likawa barua. Barua ikawa kesi.

Siwacheki hata kidogo, kwa maana mimi mwenyewe ni mmoja wao. Kwa hiyo nitaanza na kosa langu, kisha tufuate kazi hatua kwa hatua, na mwisho tuzungumze juu ya mambo mawili ambayo fundi mwenye haraka huyasahau: mapafu yake na haki yake.

KOSA MOJA LILIVYOZAA MENGINE MATATU

Mwaka 2004 nilikuwa dereva katika shamba la chai magharibi mwa Uganda, upande wa milima ya Rwenzori. Niliendesha Toyota Hilux nyeupe iliyokwisha kutumika miaka mingi. Usiku mmoja wa mvua nyapara alinigongea mlango. Mke wa mchuma chai mwenzetu alikuwa na uchungu wa uzazi, apelekwe hospitali haraka. Tulimpakia, nikaondoka. Kwenye lango la shamba matope yakanisukuma, na mlango wa kushoto ukakwaruza nguzo ya chuma. Mama alifika, mtoto akazaliwa salama. Alfajiri nikaona mkwaruzo: urefu wa kiganja cha mkono, umefika hadi kwenye chuma.

Hapo ndipo ningeandika taarifa na kumpa mkuu wa karakana. Sikuandika. Niliogopa kukatwa mshahara. Nikaenda dukani nikanunua kopo dogo la rangi nyeupe ya mafuta, ile ya kupaka milango ya nyumba, nikapaka kwa brashi usiku, kwa mwanga wa taa ya chemli. Hilo ni kosa la kwanza.

Asubuhi ilionekana kama mtu amebandika ugali mlangoni. Rangi ilikuwa imevimba, imechuruzika, na weupe wake si ule wa gari. Jioni nikanunua rangi ya kopo la kupulizia, nikapuliza juu yake. Ile rangi ya chini ilikuwa haijakauka. Ikakunjamana yote kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Hilo ni kosa la pili.

Kwa hofu nikachukua msasa wa seremala, namba 80, nikasugua kwa nguvu. Nikachubua doa, nikachubua na rangi nzuri iliyolizunguka, upana wa sinia. Hilo ni kosa la tatu. Mkwaruzo wa kiganja sasa umekuwa mlango mzima. Siku iliyofuata meneja aliuona, nikapewa barua: nimeharibu mali, nimeficha, nijieleze kwa nini nisifukuzwe, na mishahara ya miezi mitatu ikatwe.

Walioniokoa ni wawili. Wa kwanza ni Mama Katibu wa tawi letu, mchuma chai. Wa pili ni mzee wetu wa karakana, fundi wa rangi, ambaye sote tulimwita Fundi. Mafunzo mnayosoma hapa chini ni yake, pamoja na yale niliyojifunza baadaye.

KWANZA UIFAHAMU RANGI YA GARI

Rangi ya gari haifanani na rangi ya ukuta. Kiwandani, bodi la chuma hupewa dawa ya kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe. Magari mengi ya miaka ya karibuni huwekwa juu yake tabaka lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Klia ndiyo inayong'aa na ndiyo inayokinga rangi na jua. Halafu bodi huokwa ndani ya tanuri, kwa joto la zaidi ya nyuzi 120. Ndiyo maana rangi ya kiwandani ni ngumu kuliko rangi yoyote utakayopaka kwa mkono.

Lakini ni nyembamba sana. Tangu chuma hadi juu kabisa, tabaka zote pamoja ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Klia peke yake ni nusu ya hapo au pungufu. Ukisugua kwa hasira, unaimaliza kabla hujavuta pumzi mara kumi.

Kwa hiyo kanuni ya Fundi ilikuwa hii: "Kijana wangu, rangi haiongozwi kwa nguvu. Inaongozwa kwa subira."

KABLA HUJAGUSA: VIPIMO VITATU

Osha gari kwa maji na sabuni. Kausha. Kisha fanya vipimo hivi.

Kipimo cha kwanza: ukucha. Pitisha ukucha taratibu juu ya mkwaruzo. Ukiteleza bila kunasa, mkwaruzo ni wa juu tu, na huenda ukaondoka kwa dawa ya kung'arisha peke yake. Usipake rangi yoyote. Watu wengi wamepaka rangi mahali ambapo palihitaji kusuguliwa kwa kitambaa tu. Ukucha ukinasa, mkwaruzo ni wa kina. Ukiona chuma au kutu, lazima praima.

Kipimo cha pili: kitambaa. Chukua kitambaa cheupe (gari likiwa jeupe, tumia cheusi), weka dawa kidogo ya kung'arisha, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, basi gari halina klia. Ni rangi ya tabaka moja. Kisipochukua, gari lina klia. Hilux yangu iliacha weupe kwenye kitambaa cheusi. Haikuwa na klia.

Kipimo cha tatu: thina. Tia thina kidogo kwenye pamba, gusa mahali palipofichika, kwa mfano upande wa ndani wa fremu ya mlango. Rangi ya kiwandani iliyookwa haitatoka kwa mguso mfupi. Lakini gari lililokwisha kupakwa upya karakana kwa rangi ya kukauka kwa hewa, rangi yake inaweza kulainika au kutoka mara moja. Likiwa hivyo, weka thina kando kabisa. Tumia wembe na msasa laini, kama nitakavyoeleza.

KUIONDOA RANGI ULIYOIPAKA VIBAYA

Hapa pana hali mbili.

Hali ya kwanza: rangi bado mbichi. Kama ni ya saa chache, au siku moja mbili, na kipimo cha thina kimefaulu, lowesha kitambaa kidogo tu, kisidondoshe. Futa kutoka nje ya doa kuelekea katikati, ili usisambaze uchafu. Geuza kitambaa kila mara upate upande safi. Usiache thina ikae juu ya bodi. Futa kisha osha kwa maji na sabuni. Usitumie mafuta ya breki, maana yanakula rangi nzuri. Usitumie petroli, maana inawaka upesi na mvuke wake ni sumu. Tena usiguse bampa la plastiki wala taa kwa thina kali. Plastiki huyeyuka au kupasuka.

Hali ya pili: rangi imekwisha kauka na imesimama kama kichuguu. Hapa kazi yako ni kukata kichuguu bila kukwaruza uwanja. Chukua wembe mpya. Zungushia tepu ya karatasi kwenye ncha mbili za makali, kushoto na kulia, uache katikati wazi, upana wa doa. Sasa ncha zenye tepu zitatembea juu ya rangi nzuri bila kuikata, na katikati patakata kile kilichovimba tu. Laza wembe, vuta taratibu, toa unga kidogo kidogo. Ukisikia unakwama, acha. Lengo si kufika chini. Lengo ni kupunguza kimo, kisha msasa umalize.

Mlango wangu ulikuwa na rangi ya nyumba iliyokunjamana. Rangi ya mafuta hukauka kuanzia juu. Ukiipaka nene, chini hubaki mbichi kwa majuma. Fundi aliifuta yote kwa thina, na weupe wa kiwandani chini yake ukabaki umesimama. Hapo niliona kwa macho yangu tofauti ya rangi iliyookwa na isiyookwa.

Jambo moja la hatari: matambara yenye rangi ya mafuta usiyarundike kwenye kona. Yakirundikwa yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Yatandaze nje, mbali na nyumba, yakauke.

KUSAWAZISHA

Nunua msasa wa maji wa namba 1500 na 2000, na 3000 kama unapatikana. Kumbuka: namba ikipanda, msasa unakuwa laini. Namba 80 yangu ilikuwa ya kukwangua mbao.

Loweka msasa kwenye maji yenye tone la sabuni kwa dakika kumi. Kata kipande kidogo, kizungushie kwenye kitu kigumu kilicho tambarare, kama kifutio cha mwanafunzi. Usisugue kwa ncha za vidole, kwa sababu vidole huchimba mashimo. Sugua juu ya kichuguu tu, mwendo mfupi, maji mengi, mkono mwepesi. Kila baada ya mipapaso kumi, futa na utazame.

Kwenye gari lenye klia, maji ya msasa yanayotoka kwenye uwanja wa kandokando huwa meupe meupe. Ukiona yamegeuka rangi ya gari, simama hapo hapo. Umevuka klia. Ukiendelea utafika kwenye praima, na hapo hakuna dawa isipokuwa kupuliza upya.

Kilima kikilala sawa na bodi, ingia namba 2000, kisha 3000, kuondoa alama za msasa wa kwanza. Mahali patakuwa na ukungu. Usiogope. Chukua dawa ya kung'arisha, kitambaa laini cha pamba, sugua kwa mizunguko midogo mpaka mng'ao urudi. Malizia kwa nta ya gari, lakini tu ikiwa hutapaka tena. Rangi haishiki juu ya nta.

KUPAKA UPYA, SAFARI HII KWA UTARATIBU

Kama chuma kiko wazi, fanya hivi.

1. Tafuta rangi yenyewe. Weupe si mmoja. Kila gari lina kibao chenye namba ya rangi. Kwenye Toyota kibao hicho hupatikana chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pameandikwa C/TR. Hilux yetu ilikuwa na namba 040, weupe ambao Toyota imeutumia kwa miaka mingi. Mpelekee mchanganyaji rangi namba hiyo. Hata hivyo, jua la miaka kumi hubadili rangi. Kwanza ng'arisha sehemu ya gari uone rangi yake halisi, kisha paka rangi mpya kwenye kipande cha kadi, ikauke, uilinganishe mchana kweupe. Usilinganishe usiku kwa chemli kama nilivyofanya mimi.

2. Ondoa kutu yote kwa kipande kidogo cha msasa. Kutu ikibaki chini ya rangi itaendelea kula, na baada ya mvua chache rangi itainuka kama malengelenge.

3. Futa kwa pamba yenye spiriti. Mafuta ya kidole tu yanatosha kuizuia rangi isishike.

4. Paka praima nyembamba kwenye chuma tupu, usiitambaze juu ya rangi nzuri. Iache ikauke kama maelezo ya kopo yanavyosema.

5. Tumia kijiti cha meno au brashi nyembamba sana. Dondosha rangi ndani ya mkwaruzo, acha ijisambaze yenyewe. Usipake kama unapaka ukuta. Tabaka nyembamba tatu au nne ni bora kuliko moja nene. Ngoja kati ya nusu saa na saa moja baina ya tabaka.

6. Endelea mpaka rangi isimame juu kidogo tu ya bodi, kwa maana itanywea ikikauka.

7. Sasa funga kopo uende nyumbani. Acha juma zima. Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Ukisugua kesho yake utaing'oa.

8. Baada ya juma, sawazisha kwa msasa wa maji na ung'arishe kama nilivyoeleza. Gari likiwa na klia, dondosha klia juu ya rangi kabla ya kusawazisha, nayo pia iache ikauke siku kadhaa.

Usifanye kazi hii juani: bodi likiwa moto, rangi hukauka kabla haijatandazika. Wala usifanye siku ya mvua na unyevu: rangi huingia ukungu mweupe. Kivuli cha asubuhi, siku kavu, ndicho kizuri.

MAHALI PA KUKOMA

Fundi hodari anajua pia kazi isiyokuwa yake. Doa likiwa pana kuliko kidole gumba, au gari lina rangi ya kumetameta yenye chembe za madini, au umevuka klia, brashi haitakusaidia. Rangi ya kumetameta hubadilika kwa namna chembe zinavyolala, na brashi hailazi chembe kama bomba la kupulizia. Hapo hupulizwa mlango mzima, kutoka ukingo hadi ukingo, ili mwisho wa rangi mpya ujifiche kwenye mwanya. Klia ikiachwa katikati ya mlango itaonyesha mstari, na siku moja itaanza kubanduka hapo hapo.

Mlango wangu ulikuwa umefika huko. Mikwaruzo ya namba 80 haikuondoka yote. Fundi alisema: "Hapa lazima bomba." Tukasugua, tukaweka puti nyembamba, tukasugua tena, tukapiga praima. Siku ya kupuliza aliniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Toka nje, kijana. Hii si ya mapafu yako."

Yeye alibaki ndani. Karakana ilikuwa na dirisha moja. Alijifunga leso usoni.

MAPAFU

Ndugu zangu, sehemu hii msiiruke.

Rangi nyingi za gari zinazopulizwa karakana huchanganywa na dawa ya kugandisha. Katika dawa hiyo mna kemikali ziitwazo isosayanati. Ukungu wake ukivutwa unaweza kuleta pumu. Tena mwili ukishaikataa, kiasi kidogo sana kinatosha kumkaba mtu, hata baada ya kuacha kazi hiyo kwa muda. Nchini Uingereza isosayanati zimehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa vyanzo vikubwa vya pumu ya kazini, na wapulizia rangi za magari ndio walio mbele katika hatari hiyo.

Leso haizuii. Barakoa ya vumbi haizuii. Kinachotakiwa ni chumba maalumu chenye feni inayotoa hewa chafu nje, na kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka mahali pasipo na ukungu. Ukungu hubaki hewani baada ya kupuliza, kwa hiyo usivue kinyago mara tu unapoweka bomba chini.

Na maziwa? Katika karakana nyingi mpaka rangi hupewa pakiti ya maziwa, na mwajiri huhesabu kwamba amemkinga. Maziwa ni chakula kizuri. Lakini maziwa huenda tumboni, na sumu huenda kwenye mapafu. Hayakutani. Tukipewa maziwa tuyanywe, lakini tusiyakubali badala ya kinyago.

Mengine ya kukumbuka:

Vumbi la rangi za zamani linaweza kuwa na madini ya risasi, na praima za zamani zinaweza kuwa na kromati. Sugua kwa maji, si kikavu. Usirudi nyumbani na nguo za kazi, kwa kuwa risasi huwadhuru watoto kuliko wakubwa. Hatari ya risasi si habari mpya: Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 13 juu ya rangi nyeupe ya risasi tangu mwaka 1921.

Thina huumiza kichwa, huleta kizunguzungu, na mvuke wake hulipuka. Usivute sigara karibu, usiwashe jiko. Usinawe mikono kwa thina. Tumia mafuta ya kupikia kisha sabuni. Na tafadhali sana, usiweke thina kwenye chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda anajua kazi moja tu.

HAKI

Sasa turudi kwenye barua yangu. Mama Katibu alikuja nami ofisini. Hakupiga kelele. Alikubali kwamba kuficha lilikuwa kosa. Kisha akaeleza safari ile ilikuwa ya nini na nani aliyeiamuru. Mwisho akamwambia meneja: "Tuonyeshe sheria au kifungu cha mkataba wetu kinachoruhusu kukata mishahara hii." Meneja akafungua faili, akafunga. Hakikuwapo. Nilipewa barua ya onyo, ambayo niliistahili. Mshahara haukukatwa.

Kanuni aliyoitumia Mama Katibu ni kubwa kuliko shamba letu. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au mkataba wa pamoja, au uamuzi wa usuluhishi. Mwajiri hajikatii tu kwa hasira. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja makato kwa mali iliyoharibika, lakini yawe ya kiasi cha haki, na uharibifu uwe wa kusudi. Kuteleza kwenye matope si kusudi. Kila nchi ina maneno yake. Muulize katibu wako akusomee ya kwenu kabla hujatia sahihi karatasi yoyote.

Vivyo hivyo kwa kinyago. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Tanzania ina sheria yake ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, Uganda ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2007. Kinyago si zawadi, na wala hakinunuliwi kwa mshahara wako.

Kwa habari ya Fundi, nasema kwa huzuni. Mlango ule ulitoka mzuri hata usingejua ulikwaruzwa wapi. Miaka michache baadaye hakuweza kupanda kilima kutoka karakana hadi kambini bila kupumzika mara tatu. Daktari alimwambia aache rangi. Aliacha, akarudi kwao na mkono mtupu, kwa sababu hapakuwa na karatasi hata moja iliyoandika alipuliza nini, lini, na alianza kukohoa mwaka gani. Sisi wa tawi tulikuwa tumeshughulikia mlango wangu, hatukuona kifua chake. Deni hilo nalibeba, na ndilo lililonifanya nikubali kuwa mratibu wa Chama.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi: ukikwaruza gari, andika taarifa siku hiyo hiyo, nakala moja ubaki nayo. Ukiharibu rangi, simama kabla ya kosa la pili. Na kama kazi yako ni rangi, kuwa na daftari: tarehe, aina ya rangi, saa ulizopuliza, kinga uliyopewa, na namna ulivyojisikia usiku. Daftari la shilingi chache lina nguvu kuliko machozi ya baadaye.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Katika kazi yetu, mtu akiharibu kitu kwa bahati mbaya, anaogopa kusema au anasema? Kwa nini?

2. Mkataba wetu wa pamoja unasema nini juu ya kukata mshahara? Nani ana nakala yake?

3. Nani hupuliza rangi au dawa hapa kwetu? Wana vinyago vya aina gani? Wanapewa maziwa badala yake?

4. Nani kati yetu ameanza kukohoa tangu aanze kazi hiyo, na jina lake limeandikwa wapi?

Swali la nne lijibiwe kwa majina, si kwa mikono juu. Katibu aandike majina hayo kabla mkutano haujafungwa.

Umoja ni nguvu.